Kimya cha Nyumba ya Watu

Siku mdogo wangu alipokuja kutufundisha kulea watoto, hakuniamkia. Alipita mbele ya benchi nililokalia, akasema, "Habari zenu, walezi," kwa watu wote kwa mpigo mmoja, akaweka mkoba juu ya meza ya ofisi ya mtaa na kuanza kugawa vitabu. Marahaba yangu ilikuwa tayari mdomoni. Niliimeza.

Mwanamke aliyekaa karibu nami, mlezi mwenzangu anayeishi juu kidogo ya kwangu, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, aliniinamia sikioni.

"Si mdogo wako yule?"

"Ndiye."

"Mbona kakupita kama kapita nguzo ya umeme?"

"Yuko kazini."

"Haya. Na nguzo nayo iko kazini."

Tulikuwa wanawake wachache tunaolea watoto wa watu majumbani mwetu, katika mtaa ulioegemea mguu wa Uluguru, pale mji wa Morogoro unapoishia na mteremko kuanza. Hakuna aliyesomea kazi hii. Watoto huletwa kungali giza, kwa sababu malori ya Mgeta hushusha kabichi, karoti na njegere kabla jua halijatoka, na mchuuzi akichelewa huokota majani. Wengine mama zao huuza mahindi ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi pale Msamvu, na mtoto hawezi kushinda stendi akikimbia kati ya magurudumu. Basi analetwa kwetu na uji wake kwenye chupa, na mama anaondoka haraka kabla mtoto hajaanza kulia.

Kwa miaka mingi hakuna aliyetuuliza tunalea vipi. Kisha afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mnene mwenye mwavuli, akapita mtaani na kutangaza kwamba umetoka mwongozo wa malezi na ujifunzaji wa awali. Kila nyumba inayolea watoto itaufuata. Tutafundishwa, kisha tutakaguliwa, na nyumba itakayoshindwa itafungwa.

Wenzangu walinung'unika, lakini walikuwa na waume, au mashamba, au vibanda vya mkaa. Mimi sikuwa na pa kuegemea. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza ili wadogo zangu wawili wasitawanywe, na tangu nilipoacha kufua nguo za watu, kazi yangu imekuwa hii tu. Kila kijiko kilichoingia vinywani mwao kilitoka kwenye mkeka wa watoto. Ada ya chuo cha ualimu alichosoma huyu aliyenipita kama nguzo ilitoka hapo hapo. Kituo kikifungwa, ningerudi kwenye beseni la sabuni.

Kwa hiyo nilifungua kitabu na kusikiliza, ingawa damu ilikuwa inachemka.

"Malezi yenye mwitikio," mdogo wangu alisoma. "Nani atatuambia maana yake?"

Bibi mmoja aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, aliyeshuka mjini kutoka Mgeta miaka mingi lakini Kiluguru chake hakijashuka, aliinua mkono. "Mwitikio? Mwalimu, mimi sauti yangu ilishakufa. Kwaya siiwezi."

Tulicheka. Mdogo wangu hakucheka. "Bibi, maana yake mtoto akikuita, kwa kilio, kwa kicheko au kwa kidole, wewe umjibu."

"Na wakiniita wote kwa pamoja?"

"Unawajibu, bibi."

"Kwa midomo mingapi?"

Ofisi nzima ilitetemeka kwa kicheko, na nikaona shingo ya mdogo wangu inasimama kama inavyosimama tangu utotoni akiona anachezewa. Akafungua ukurasa mwingine. Huu ulisema mtoto aruhusiwe kueleza hisia zake, asinyamazishwe kwa vitisho. Alisoma polepole. Kisha akafunga kitabu, kidole chake kikiwa ndani.

"Ninawajua watoto waliofundishwa kulia bila sauti," alisema. "Wamekua. Wana kazi zao. Mpaka leo wakiwa wageni kwa mtu, wakishikwa na kiu, hawawezi kuomba maji."

Alikuwa anatazama ukuta. Hao wengine wote walikuwa wananitazama mimi, kwa sababu mtaa mzima unajua nani alimlea mwalimu.

*

Hapa lazima nieleze alichokuwa anakisema, maana yeye alikirusha tu kama jiwe.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti, kwa hiyo tulihamishiwa kwa mjomba, mjini. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi usiku. Nyumba ilikuwa ya mkewe, na mkewe hakupenda kusikia kwamba tupo. Mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, alikuwa bado analilia ziwa. Huyu wa pili, ndiye mwalimu wa leo, alikuwa na maswali mengi. Kila walipopaza sauti, mke wa mjomba alisimama mlangoni akisema na mumewe, au na jirani, au na hewa tu: huyu mkubwa anafaa kupelekwa Dar akafanye kazi za ndani, huyu wa kati apelekwe Mgeta akabebe mboga, huyu mdogo yupo mtu anayemtaka. Alitugawa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayegawa mafungu ya mchicha.

Nikawafundisha wadogo zangu kunyamaza. Baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunalala kwenye mkeka mmoja, nyuso ukutani. Ukitaka kulia, lia, ila ukuta ndio usikie. Na neno letu lilikuwa moja. Mtu akianza kupaza sauti, nilisema taratibu, "Nyumba ya watu." Walikuwa wanageuka hapo hapo, kama majani ya kifauwongo yanayojikunja ukiyagusa.

Hatukugawanywa. Mke wa mjomba alichoka kutafuta sababu. Nilipopata nguvu za kupanga chumba, tuliondoka watatu kama tulivyoingia. Nani mwingine ukoo mzima anaweza kusema hivyo?

Na nilipoanza kulea watoto wa wachuuzi, nililea kwa njia niliyoijua. Wakila mchana, mkeka, nyuso ukutani, nyumba ya watu. Mlinzi wa usiku, ambaye chumba chake kinapakana na changu na ambaye hulala mchana, alikuwa akinisifu kwa kila mpita njia. "Nendeni kwingine msikie kelele. Kwa dada huyu unaweza kusikia panya anawaza."

*

Semina ilipokwisha, nilimsubiri mdogo wangu nje, penye bomba la maji.

"Ulikuwa unamsema nani mle ndani?"

"Sikumtaja mtu, dada."

"Hukutaja kwa sababu kila mtu ananijua."

"Mwongozo unasema..."

"Mwongozo haukukupikia uji."

Aliweka mkoba begani vizuri. "Kila nikifungua mdomo unanipikia uji ule ule, dada. Umeshapoa."

Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wamesimamisha ndoo zao wanasikiliza. Hakushusha sauti kwa ajili yao.

"Nisikilize. Afisa akija kukagua, nitakuwa naye. Usije ukawalaza wale watoto nyuso ukutani."

"Watoto wangu wanalala. Wanakula, wanalala, wanachukuliwa wazima. Nenda kwa wengine ukawafundishe."

"Najua wanavyolala. Nimelala hivyo."

"Na ukaamka," nikamwambia, "ukawa mwalimu."

Aliondoka bila kuaga. Nilichota maji ambayo sikuyahitaji, ili nisitoke pale mikono mitupu mbele ya wale wanawake.

*

Ili kuuelewa mwongozo, tulikutana barazani kwa yule bibi, sisi wenyewe, bila mwalimu. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma, kwa kidole, kwa sababu wengine walisema miwani yao iko nyumbani, hata wale ambao sijawahi kuwaona na miwani. Kitabu kilisema mtoto ajifunze kwa kucheza. Kilisema mlezi aandae vifaa vya michezo kutokana na mazingira. Kilisema kwa ukurasa mzima, kisha kikarudia kwa maneno mengine.

"Sasa mtoto kucheza naye anafundishwa?" aliuliza bibi. "Mimi wangu nawakataza kucheza, wanacheza."

Mwenye ulimi alikuwa na jibu. "Jamani, huu ni mtihani kama mitihani mingine. Hamkumbuki shuleni, mkaguzi akija? Si ilikuwa inatolewa chaki mpya? Ramani inatundikwa? Akiondoka, inarudi kabatini?"

Tulikumbuka. Na kwa kuwa tulikumbuka kitu kimoja wote, tuliona tumeuelewa mwongozo.

Tukatengeneza vifaa. Mama wa duka la Wahindi karibu na soko, anayeuza mipira na magari ya plastiki, aliona tunavyouliza bei na kurudisha vitu rafuni, akatupatia maboksi matupu. Tulikata dumu la mafuta likawa gari, na magurudumu yake yakawa ya kandambili chakavu. Tulishona wanasesere wa matambara. Tulitoboa vifuniko vya soda tukavitunga kwenye waya. Vilipendeza. Ila vilikuwa seti moja tu, maana kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayefaa kutengeneza nyingine, na tulikuwa tumeshatukanana kuhusu nani amekata kandambili nzima ya mwenzake.

Mwenye ulimi akaamua. Seti itakaa kwake, ndani ya beseni. Siku ya ukaguzi afisa atakwenda nyumba kwa nyumba kwa njia kubwa, na beseni litakwenda nyumba kwa nyumba kwa njia ya nyuma, migombani. Kabla ya hapo litazungushwa ili watoto wavizoee kwa macho. Kwa macho tu. Visije vikavunjika.

Na sote, bila kupatana, tuliwaambia watoto neno lile lile ambalo kila mama huwaambia wanawe kuhusu vikombe vizuri vya kabatini: "Msiguse. Vya wageni."

Halafu tukawafundisha kuitikia. "Tunajifunza kwa nini?" Nao wanapiga kelele, "Kwa mi-che-zo!" mikono mapajani, migongo imenyooka. Wangu walikuwa wanaitikia vizuri kuliko wa wenzangu wote, na nilijivuna.

*

Siku ya ukaguzi nyumba yangu ilikuwa ya mwisho. Nilisikia mlango wa nyuma ukigongwa kwa goti. Mwenye ulimi aliingia, beseni kichwani limefunikwa khanga kama muuza vitumbua, jasho likimtoka.

"Pokea, pokea! Wako kwa bibi. Bibi anawashika kwa salamu. Amefika kwenye habari za mbuzi."

"Mbona gari lina magurudumu matatu?"

"Moja limeanguka. Unataka nirudi nikapige tochi? Panga!"

Nilivipanga mkekani mbele ya watoto. Alitoka huku anafunga khanga, na hapo hapo afisa akaingia kwa mlango wa mbele, mwavuli ukitangulia. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake.

"Habari za kazi, mlezi," mdogo wangu alisema. Sikumjibu. Nilimkaribisha afisa kiti.

Afisa alitazama vifaa. "Eh, na hapa kuna gari la dumu. Mtaa huu mmeshikana kweli, vitu vinafanana."

Mdogo wangu aliinama, akafungua kiganja, akaweka pembeni ya gari gurudumu la kandambili. Lilikuwa na vumbi la njia. Sikutazama uso wake.

"Chezeni, watoto," afisa alisema. "Chezeni tuone."

Hakuna aliyesogea. Walikaa mikono mapajani, macho kwangu. Nikasema, "Chezeni." Wakaendelea kunitazama, wakisubiri nimalize maneno, kwa sababu hawakuwahi kusikia mimi nikiamrisha jambo hilo. Binti mmoja mwenye nywele za kusuka mabutu, mwanawe mchuuzi wa karoti, alinong'ona ili kumsaidia mgeni: "Vya wageni."

Nilijua nimekwisha. Lakini afisa alicheka kicheko cha furaha hasa, akajifuta shingo kwa leso.

"Adabu! Mmeona adabu? Kule kwingine kichwa kimeniuma kwa kelele. Hapa mtoto anaambiwa usiguse, hagusi. Mwalimu, hapa ndipo pa kuwaleta walezi wengine wajifunze." Akaanza kufungua kalamu.

Sijui kama nitaweza kueleza raha ya dakika ile. Miaka yote ile, na mtu wa serikali amekaa kwenye kiti changu anasema mimi ndiye mfano.

"Mama, naomba usiandike kwanza," mdogo wangu alisema.

Afisa aliinua kichwa. Mdogo wangu akavua viatu, akakanyaga ukingo wa mkeka, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, kwa sauti yangu mimi, taratibu, akasema:

"Nyumba ya watu."

Watoto waligeuka. Wote, kwa pamoja, walijilaza ubavu na kuelekeza nyuso ukutani. Mmoja alikuwa na uji mdomoni, akalala nao. Mdogo kabisa, ambaye hata kutembea hajui vizuri, aligeuzwa na yule wa mabutu kwa mkono, kama mtu anavyofunga dirisha.

"Wanalala saa hizi?" afisa aliuliza. Kalamu ilikuwa hewani.

"Hawalali," mdogo wangu alisema. "Wanajificha."

Ningeweza kumpiga. Mkono ulinyanyuka wenyewe, nikaushikisha khanga. "Nani alikuomba ufumbue kinywa chako ndani ya nyumba yangu? Maneno hayo ndiyo yaliyokulaza chini ya bati usilale barabarani. Bila maneno hayo ungekuwa Mgeta na tenga mgongoni."

"Kweli, dada. Sikatai. Sasa nina bati langu, na bado nalala natazama ukuta." Alionyesha mkeka. "Lakini hawa wana mama zao. Saa kumi watakuja kuwachukua. Kwa nini walale kama yatima?"

Watoto walikuwa kimya, kile kimya changu, kizuri, ambacho panya anawaza ndani yake. Afisa alitazama migongo yao kwa muda, kisha akaona haya, nadhani, kwa jinsi alivyokuwa amefurahi, na mtu mzima aliyeona haya huwa mkali.

"Sifungi, na sipitishi," alisema. "Usipokee mtoto mpya. Mwalimu atakuja hapa kila wiki mpaka nitume mtu akague upya. Ukimzuia mlangoni, nafunga siku hiyo hiyo."

*

Vile vifaa vilibaki kwangu. Mwenye ulimi alikataa kuvipokea. "Kaa navyo. Kwa ajili ya ndugu yako tumeandikwa wote vibaya, gurudumu lile limetusemea. Ukoo wenu na maneno yenu!"

Mdogo wangu alikuja kama alivyoagizwa. Nilimpa kigoda, akakaa mkekani. Sikumpa chai. Kwetu hata mdai hupewa chai, kwa hiyo alielewa. Alikuja na maji yake kwenye chupa, na kila alipoyanywa aliyanywa akinitazama.

Alivishusha vifaa kutoka kwenye misumari nilikovitundika. Akawapa watoto mikononi. Siku ya kwanza walivishika kama mayai. Siku iliyofuata aliyokuja, gari la dumu lilipasuka, na mwenye kulipasua aligeuka kunitazama huku mdomo unaanza kutetemeka.

"Usiyaseme yale maneno," mdogo wangu aliniambia.

"Sijasema kitu."

"Na usimwangalie hivyo."

"Nitazame wapi? Darini?"

"Tazama gari, dada. Mwulize limekuwaje."

"Naona limekuwaje. Limevunjika."

Alimwuliza yeye. Mtoto akajibu kwamba gari limeanguka Mgeta, kwenye kona, na kabichi zote zimemwagika, na turnboi, msaidizi wa dereva, amelala chini ya tenga, lakini anapumua. Ilikuwa habari ndefu. Sikuwahi kujua kwamba mtoto yule anaweza kusema maneno yote hayo. Alikuwa amekaa kwangu tangu hajaota meno.

Sitasema nililipenda jambo lile. Kelele zilianza kidogo, kisha zikafurika kama kijito chetu mvua ikinyesha mlimani. Walibishana. Waliimba kitu kisichokuwa na mwisho. Walilia kwa sauti, midomo wazi, na nilitakiwa niwaulize kwa nini. Nilirudi kitandani kila siku masikio yakivuma. Mlinzi aligonga ukuta mchana, akaja mlangoni macho mekundu: "Dada, kuna msiba?" Nikamwambia ni mwongozo. Akasema kama ni mwongozo basi umeongoza vibaya.

Lakini nilijizuia. Sikusema maneno yale hata mara moja, si kwa sababu niliambiwa na mdogo wangu, bali kwa sababu nyumba ilikuwa inakaguliwa, na mimi nyumba yangu siipotezi kwa maneno mawili. Niliwalaza mchana kwa kuwaambia "Laleni" tu. Wengi waliendelea kugeukia ukuta wenyewe. Mdogo wangu aliliona hilo. Alilala katikati yao uso ukiwa upande wa chumba, mtu mzima na sketi yake ya kazini, mpaka mmoja mmoja wakaanza kumgeukia. Nilikuwa jikoni nachagua mchele. Nilichagua mchele ule mpaka ukakosa hata chuya.

*

Mtu wa pili aliyekuja kukagua alikuwa kijana, mwenye viatu vilivyong'aa na haraka nyingi. Hakujua lolote la safari ya kwanza. Alisimama mlangoni akahesabu madirisha, akauliza choo, akatazama watoto. Walikuwa kila mahali. Lile gari lilikuwa limekatwa nusu, nusu ya mbele ni gari na nusu ya nyuma ni jiko. Hakuna aliyenyamaza kwa ajili yake.

Yule binti wa mabutu alikuwa pembeni na mwanasesere wa matambara. Alimlisha uji wa udongo kwa kifuniko cha soda, akamfuta mdomo kwa pindo la gauni lake. Kijana aliinama kutazama, anatabasamu. Binti akamlaza mwanasesere kwa ubavu, uso ukutani, akampigapiga mgongoni.

"Kimya," alimwambia. "Nyumba ya watu."

Mdogo wangu alikuwa amekaa mkekani karibu naye. Aliinua macho, nami nikamtazama, na tulitazamana hivyo kama tulivyokuwa tukitazamana zamani mke wa mjomba akisimama mlangoni, tukisubiri kujua nani atagawiwa. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Alikuwa nalo, nililiona limefika kooni.

"Safi sana," kijana alisema, akisimama na kupangusa goti. "Anaigiza maisha ya nyumbani. Hiki kipengele kimo kabisa kwenye mwongozo."

Mdogo wangu alifunga mdomo. Kijana aliandika, akapiga mhuri juu ya goti lake, akaomba maji, akaondoka. Kituo kikawa changu.

Tulibaki wawili na zile kelele.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nina masikio."

"Na?"

"Na kituo kiko wazi. Si ndicho ulichofuata hapa?"

"Sikufuata kituo," alisema. Akaokota mkoba wake na chupa yake, akavaa viatu. Mlangoni alisimama bila kugeuka. "Shikamoo, dada."

Marahaba yangu ilichelewa. Ilipotoka, alikuwa ameshafika kwenye mawe ya kijito. Kama aliisikia, hakugeuka.

Kesho yake hapakuwa tena na mwalimu wa kila wiki. Watoto walikula, nikawaambia laleni, wakalala walivyotaka, wengine wakitazamana pua kwa pua, wananong'onezana habari za lori lililoanguka na turnboi ambaye sasa alikuwa amepona. Kicheko kimoja kilipanda, kikachukua kingine. Ukuta ukagongwa.

"Jamani!" mlinzi alipiga kelele kutoka kwake. "Hii nyumba ya watu!"

Mkeka wote ukanyamaza. Niliona migongo inaanza kugeuka, mmoja, mwingine, na yule wa mabutu akinyoosha mkono kumgeuza mdogo kabisa.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Niliupiga ukutani mpaka chokaa ikadondoka.

"Kodi ya huku nalipa mimi!" nikamjibu. "Tia pamba masikioni ulale!"

Upande wa pili kitanda kililia. Watoto walikuwa wamejiinua kwenye viwiko, wananitazama, hawajui kama nimemaliza.

"Haya," nikawaambia. "Yule turnboi. Nani alimtoa chini ya tenga?"